Familia Iliyoitwa Mkusanyiko

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, sisi tulikuwa wakimbizi wenye hati kamili, tukiishi ghorofa ya tatu katika jengo lenye wapangaji wengi, na uhusiano wetu na bwana aliyeishi chini yetu ulikuwa umekwisha kuharibika. Nalitanguliza hili kwa sababu kila ninaposimulia yaliyotupata, msikilizaji huharakisha kunifariji kwa kusema kwamba watu walikuwa na hofu ya ugonjwa, kana kwamba hofu hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Ugonjwa uliukuta uhasama upo, ukaupatia kanuni za kujifunika na namba ya simu ya kupigia.

Kabla ya amri ya kutotoka nje tulikuwa na njia yetu ya kuishi na jirani wa namna hiyo, na njia yenyewe ilikuwa kutokuwepo. Watoto watatu wakubwa walishinda shuleni, mume wangu alikuwa kazini, mimi nilikuwa kwenye masomo ya lugha, na mama mkwe alipenda kukaa na wazee wenzake hadi alasiri. Tuliporudi jioni kelele zetu zilikuwa za saa mbili tatu tu, kisha watu wakalala. Familia nyingi za wakimbizi ninazozifahamu huishi hivyo bila kulitamka: hujifunza ni saa ngapi jirani fulani hutoka kuchukua barua zake, ni ngazi ipi haitumii, ni siku gani wageni wake huja, na hupanga maisha yao yasikutane na yake. Amri ya kukaa nyumbani iliifuta mipango hiyo yote kwa siku moja. Watu saba tulifungiwa ndani mchana na usiku, juu ya kichwa cha mtu ambaye tangu tulipohamia alikuwa hataki hata kutusikia tukikohoa.

Nataka kumtendea haki kabla sijaendelea. Alikuwa mtu wa makamo aliyeelekea uzee, aliishi peke yake, na wazee ndio waliokuwa wakifa kwa wingi. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa anaanza kutembea, na yeyote aliyewahi kuishi chini ya mtoto wa umri huo anajua kwamba hatembei, anakimbia na kuanguka. Wakubwa walisoma kwa simu moja ya baba yao, kwa zamu, na kila zamu ilikuwa na ugomvi wake. Tulitandika mablanketi sakafuni, tukavua viatu mlangoni, mama mkwe akawakataza kuburuta viti. Hata hivyo nakubali kwamba nyumba ya watu saba haiwezi kuwa kimya. Kama angelalamikia kelele peke yake nisingekuwa na la kuandika hapa.

Alichokuwa akikifanya ni kugonga dari kwa mpini wa fagio. Mwanzoni aligonga mtoto alipokimbia, baadaye akagonga mtu mzima alipokwenda msalani, na mwishowe akawa anagonga alfajiri sote tukiwa tumelala, kwa sababu mpangaji mwingine amefungua maji na bomba limelia. Kisha tukaanza kukuta karatasi mlangoni. Ya kwanza ilitutaka tusitumie lifti. Ya pili ilitutaka turudi tulikotoka na ugonjwa wetu, jambo lililomshangaza sana mume wangu, kwa kuwa tulikuwa tumeishi katika nchi ile kwa miaka kadhaa na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesafiri popote. Baada ya hapo, kila tuliposhika kitasa cha mlango wa chini alitoka na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu, akakinyunyizia sisi tukiwa bado tumesimama pale, tone jingine likawapata watoto mikononi. Aliwarekodi kwa simu wakishuka ngazi, akihesabu kwa sauti.

Kuna jambo lilinichukua muda kulitambua. Mtu anayekuogopa kwa sababu ya maradhi hukukwepa. Hufunga mlango wake, husubiri upite, hurudi nyuma. Huyu alikuwa akitufuata. Alikuwa akipanda ngazi kutoka kwake hadi kwetu, bila barakoa, akisimama karibu na mlango wetu kuliko mtu mwingine yeyote aliyewahi kusimama katika miezi ile, ili atuambie kwamba tunaambukiza watu. Hofu ya kweli isingemleta pale. Nilipolielewa hilo niliacha kujitetea kwa habari za afya, maana nilikuwa nimezoea kumweleza kwamba tunanawa, kwamba tunavaa barakoa, kwamba hakuna mgonjwa ndani, na maelezo hayo yote yalikuwa yakijibu swali ambalo hakuwa ameuliza.

Polisi waliitwa jioni moja ya siku ya mapumziko. Kanuni za wakati ule zilikataza mikusanyiko, yaani watu wa kaya mbalimbali kukutana ndani ya nyumba, na jirani alikuwa ametoa taarifa kwamba kwetu kuna kundi la wageni wasiojulikana. Walifika askari wawili wenye glavu na barakoa, wakasimama hatua kadhaa kutoka mlangoni, wakaomba vitambulisho. Nilivileta vyote saba na kuviweka sakafuni katikati yetu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumkaribia mwenzake, na mmoja wao akachuchumaa akiviokota kimoja kimoja, akilinganisha picha na uso, akiita jina na kusubiri mwenye jina ajitokeze mlangoni. Alipofika kwa mtoto wa mwisho, aliyekuwa amelala, aliomba aonyeshwe. Nilimbeba na kumleta. Askari alihesabu tena, akapata saba, akatazama orodha ya wakaazi aliyokuwa nayo, nayo ilikuwa na saba.

Hapo ndipo nilipoona tatizo letu lilivyo. Kanuni ziliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria kaya ya watu wawili au watatu. Katika nyumba ya namna hiyo, ukisikia sauti saba, ni kweli kuna mkusanyiko. Familia yetu haikuhitaji kuvunja sheria yoyote ili ionekane imevunja. Ilitosha kuwa nzima na kuwa nyumbani, mahali ambapo serikali ilikuwa imetuamuru tuwepo. Askari hawakuwa na ubaya nasi. Waliomba radhi kwa usumbufu, wakashuka, na nikasikia jirani akiwasubiri kwenye ngazi akitaka kujua watatufanya nini.

Mama mkwe hakulala usiku ule. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alikuwa ameshuhudia, tulikotoka, watu wenye sare wakigonga mlango usiku na kuita majina kutoka kwenye orodha. Kwetu neno la kutotoka nje lilikuwa na historia kabla ya korona. Tulikuwa tumeshaishi na mapazia yaliyofungwa, na chakula cha kuhesabia, na watoto waliofundishwa kucheza bila sauti, na nadhani ndiyo sababu tulizitii kanuni za karantini kwa ukali kuliko majirani zetu wengi: tuliujua uzito wa amri. Kuna ukatili wa aina yake katika kumshtaki mtu wa namna hiyo kwa uzembe. Mtoto wetu wa tatu alianza tena kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha tangu tulipopata makazi.

Jambo lililoniuma kuliko yote lakini lilimhusu mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyeijua lugha ya pale vizuri, kwa hiyo kila jirani alipokuja mlangoni, au karatasi ilipobandikwa, au simu ya mwenye nyumba ilipoingia, alisimama katikati na kutuambia kinachosemwa. Nilianza kuona kwamba maneno marefu ya jirani yanatufikia yakiwa mafupi. Bwana yule angesema kwa dakika nzima, uso umemwiva, mkono ukionyesha kidole, na mwanangu angegeuka na kutuambia kwamba anaomba tupunguze kelele. Nilipokuwa nimeshaielewa lugha kidogo nikagundua kwamba mtoto alikuwa anayameza matusi ili yasimfikie bibi yake. Alikuwa akiyabeba peke yake. Tangu siku hiyo tulimwambia jirani, kwa maandishi, kwamba hatutazungumza naye kupitia mtoto, na tukaiomba ofisi inayohudumia wakimbizi itupatie mkalimani wa simu kwa kila jambo linalohusu nyumba. Mkalimani alipatikana baada ya kusubiri, kwa kuwa ofisi zilikuwa zimefungwa na wafanyakazi wake walikuwa majumbani kama sisi. Nawasihi wenzangu wasilichelewe hili. Mtoto anaweza kuwasaidia kusoma barua ya shule. Asiwasomee kwamba wanatakiwa kuondoka.

Mtu atauliza kwa nini hatukwenda kushitaki mapema. Wakimbizi wengi huamini kwamba jina la mtu likiandikwa polisi, kwa sababu yoyote ile, litaonekana kwenye faili lake la hifadhi na kumharibia. Tuliamini hivyo pia, ingawa sisi tulikuwa tumekwisha kukubaliwa; imani hiyo haiondoki kwa barua ya kukubaliwa. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi unasema vinginevyo. Ibara yake ya 2 inamtaka mkimbizi azitii sheria za nchi iliyompokea pamoja na hatua zinazochukuliwa kulinda utulivu wa umma, na ibara ya 16 inampa uhuru wa kuzifikia mahakama, tena katika nchi anamoishi anapaswa kutendewa kama raia katika kuzifikia. Nilizisoma ibara hizo mbili kwa pamoja mara nyingi katika wiki zile. Ya kwanza tulikuwa tukiitekeleza kila saa, ndani ya kuta zetu. Ya pili tulikuwa tumeiacha imelala kwa sababu hakuna aliyetueleza kwamba kulalamika kwa aliyeonewa si kosa, na kwamba mlalamikaji na mshtakiwa hawaandikwi mahali pamoja.

Pia nilikuwa naona haya. Tarehe 17 Machi 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, likishirikiana na lile la uhamiaji, lilitangaza kusitisha kwa muda safari za wakimbizi waliokuwa wamekubaliwa kuhamishiwa nchi nyingine. Dada yangu alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisubiri. Alikuwa ameshauza vitu vyake na kuaga watu, akabaki kambini kwenye kibanda ambamo kukaa umbali wa mita moja na mwenzako ni maneno tu. Safari zilitangazwa kuanza tena katikati ya Juni, na hata hapo zikaenda pole pole. Kila alipopiga simu aliniuliza habari za nyumba yetu yenye milango inayofungika, maji ya bomba na chumba cha watoto. Ningemwambia nini, kwamba kuna mtu anagonga dari? Nilimwambia tuko salama. Nafikiri familia nyingi zilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo, kwamba waliobaki nyuma wana shida kubwa zaidi, na aliyepata makazi hana haki ya kulalamikia makazi.

Nilianza kusoma usiku, watoto wakilala, ili nijue kama yaliyotupata yana mfano. Yanao mwingi. Mwaka 1900, tauni ilipoingia San Francisco, wenye mamlaka waliuzungushia karantini mtaa wa Wachina, na mpaka wenyewe ukachorwa kwa kona za ajabu ili majengo ya Wazungu yaliyokuwa ndani ya eneo lile lile yabaki nje ya kamba. Mtu mmoja mwenye duka mtaani humo alikwenda mahakamani, na mwezi wa Juni mwaka huo huo jaji akaifuta karantini ile kwa kuwa ilikuwa inawabagua watu kwa asili yao na, isitoshe, ilikuwa inawafungia wazima pamoja na wagonjwa. Sehemu hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili. Mlalamikaji alikuwa mgeni, ugonjwa ulikuwa wa kutisha kuliko korona, na bado alikwenda.

Ubaguzi wa namna hiyo ulijulikana pia kwa wakubwa wa dunia mapema. Jina rasmi la ugonjwa huu lilipotolewa tarehe 11 Februari 2020, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba limechagua jina lisilotaja mahali, mnyama wala kundi la watu, ili kuepusha unyanyapaa. Tarehe 8 Mei Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema waziwazi kwamba janga limeibua wimbi kubwa la chuki dhidi ya wageni, na kwamba wahamiaji na wakimbizi wanasingiziwa kuwa chanzo cha virusi kisha wananyimwa matibabu. Nilifurahi kuyasikia. Lakini maneno ya New York hayapandi ngazi za jengo letu, na aliyetufaa alikuwa mpangaji wa mlango wa mbele yetu, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana tu kwa kutikisa kichwa.

Karantini ilikuwa imetunyima mashahidi. Hapo zamani jirani akikutukana kwenye ngazi, kuna mtu anapanda, kuna mtu anashuka, na macho ya watu humrudisha mtu kwenye adabu. Katika miezi ile ngazi zilikuwa tupu, na bwana yule alijua kwamba lolote atakalosema litabaki kati yake na watu ambao hawaijui lugha. Asichokijua ni kwamba mama wa mlango wa mbele, naye akiwa amefungiwa, alikuwa anayatazama yote kupitia kitundu cha mlango wake. Siku moja alitupenyezea karatasi chini ya mlango, akisema kwamba ameona chupa ya dawa, ameona watoto wakirekodiwa, na yuko tayari kuyaandika kwa jina lake. Mume wangu alilia alipoisoma. Sijui kama mama yule anafahamu alitutendea nini, maana alipoulizwa baadaye alisema tu kwamba hakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kwa upande wetu tulikuwa na daftari. Mfanyakazi wa ofisi ya wakimbizi ndiye aliyetushauri kwa simu: andikeni tarehe, saa, kilichofanyika, nani alikuwepo, na msiandike mlivyojisikia. Sharti hilo la mwisho lilinikera, nikaona kama tunaambiwa hisia zetu hazina thamani, lakini alikuwa sahihi. Daftari lililojaa hasira husomwa kama ugomvi wa majirani wawili. Daftari lenye saa na tarehe husomwa kama mwenendo wa mtu mmoja. Karatasi za mlangoni tulizibandika humo humo, pamoja na picha za takataka zilizomwagwa mbele ya mlango wetu. Tuliacha kumjibu kwa mdomo.

Kuhusu ushauri ambao hutolewa na watu wema, kwamba jirani mbaya hushindwa kwa ukarimu, sisi tuliujaribu pia. Tulimwandikia barua ya adabu tukimwomba radhi kwa kelele za mtoto na kumweleza saa ambazo wakubwa wana masomo. Kesho yake tuliikuta imebandikwa ndani ya lifti, kwa ajili ya jengo zima, na juu yake ameandika kwamba hata wenyewe wamekiri. Baadaye barua hiyo ilitusaidia, kwa sababu ilionyesha nani alitafuta suluhu na nani alitafuta hadhira, lakini siku ile ilituaibisha sana.

Daftari na maelezo ya shahidi vilipopelekwa kwa mwenye nyumba, mambo yalibadilika kwa namna ya kiofisi. Wapangaji wote waliandikiwa kwamba lifti na ngazi ni za kila mtu, kwamba ni marufuku kumrekodi mtoto wa mwingine, na kwamba malalamiko ya kelele yapelekwe kwa maandishi. Jirani alipewa onyo lake peke yake. Polisi nao tuliwapelekea nakala, safari hii sisi tukiwa walalamikaji, na askari aliyeipokea akaandika kwenye kumbukumbu za anwani yetu kwamba humo wanaishi watu saba wa kaya moja, wakiwemo watoto wanne na kikongwe mmoja. Alitusomea alichoandika kupitia kwa mkalimani na kuuliza kama ni sahihi.

Fagio halikuacha kugonga kabisa, wala salamu zetu hazikuitikiwa. Chupa ya dawa ilitoweka. Jirani aliwapigia simu polisi tena, akisema kuna mkusanyiko, na mama wa mlango wa mbele akatuambia kwamba alimsikia kwenye ngazi akibishana nao kwa simu kwa sababu wao walikuwa wanamuuliza kama watu anaowasikia wamezidi saba. Hawakuja. Mwaka uliofuata tuliomba kuhamishwa, na kwenye fomu, palipotaka sababu, tuliandika magoti ya mama mkwe na kuomba nyumba ya chini kabisa, isiyo na mtu chini yake.